Nicosia: Duara na Alama za Vilivyofutwa

Miji mikongwe mingi haina mtunzi. Ilikua nyumba baada ya nyumba, kichochoro baada ya kichochoro, na umbo lake ni jumla ya maamuzi ya watu wasiojuana. Nicosia, mji mkuu wa kisiwa cha Kupro, ina umri mkubwa kama miji hiyo, lakini mpaka wa mji wake wa kale ulichorwa kwa mara moja, katika mwaka unaojulikana. Mwaka 1567 Jamhuri ya Venezia, iliyokuwa ikikitawala kisiwa hicho, iliamua kuujengea mji huo ukuta mpya, na mhandisi wa kijeshi Giulio Savorgnano akauchora. Alichora duara lenye mzunguko wa karibu kilomita 5, akalipa buruji 11 na malango 3. Duara hilo lingalipo mpaka leo, na ukilitazama kwenye picha iliyopigwa kutoka angani utalitambua papo hapo.

Leo Nicosia inajulikana zaidi kwa kitu kingine: mstari unaoigawa. Upande wa kusini, ulio chini ya Jamhuri ya Kupro, Wagiriki wa Kupro huuita mji wao Lefkosia. Upande wa kaskazini, Waturuki wa Kupro huuita Lefkoşa. Katikati ni eneo linalolindwa na Umoja wa Mataifa. Wageni wengi huusoma mji kwa kuanzia kwenye mstari huo, na wengi huishia hapohapo. Nadhani usomaji wa namna hiyo unaukosea mji. Ukilichunguza umbo la Nicosia kwa makini, utaona kwamba mstari ni tabaka moja tu katika mfululizo wa matabaka, na kwamba matabaka hayo yote yanafuata kanuni moja: katika mji huu kilichofutwa hubakisha alama, na anayekuja baadaye hulazimika kujenga kwa kuifuata alama hiyo.

Tuanze na ukuta wenyewe. Buruji ni sehemu ya ukuta inayochomoza nje ili mizinga iliyo juu yake ipige pembeni. Buruji za Nicosia zina umbo la moyo: ncha imeelekea nje, na nyuma kuna mabega mawili yaliyoviringika, yanayoificha mizinga ya ubavuni. Siri ya umbo hili ni kwamba buruji moja haijilindi yenyewe. Askari wa adui akishafika chini ya ncha yake, walio juu hawawezi kumpiga. Wanaoweza ni jirani zao wa kushoto na wa kulia. Kwa hiyo nafasi kati ya buruji na buruji haikupangwa kwa ajili ya uzuri. Imepimwa kwa masafa ya risasi, na duara lote linasimama kwa sharti kwamba kila sehemu inamlinda jirani yake.

Msomaji wa Mombasa anao mfano wa elimu hiyo karibu naye. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyewatumikia Wareno, na buruji zake zinatokana na shule ileile ya uhandisi. Lakini Fort Jesus ilijengwa kando ya mji ili kuutazama na kuudhibiti. Nicosia ilifanywa ngome yenyewe: nyumba, masoko, makanisa na visima vyake vyote viliingizwa ndani ya mchoro wa mhandisi.

Kuingizwa huko kulikuwa na gharama. Mji wa wafalme wa ukoo wa Lusignan, Wafaransa walioitawala Kupro kabla ya Venezia, ulikuwa na ukuta mrefu kuliko huu mpya. Ili duara lipatikane, Wavenezia walibomoa nyumba na makanisa yaliyobaki nje. Miongoni mwa yaliyobomolewa ni monasteri ya Mtakatifu Dominiko, walikozikwa wafalme wa kisiwa. Mto Pedieos, uliokuwa ukipita katikati ya mji, ulichepushwa uzunguke nje kuelekea handaki la ukuta. Umbo hilo linalotuvutia kwa ukamilifu wake, kwa hiyo, lilipatikana kwa kuondoa makaburi ya wafalme na mto wa wenyeji. Mhakiki asiseme neno juu ya uzuri wa duara hili kabla hajakumbuka kilichotolewa ili lizaliwe.

Wala duara halikutimiza kazi iliyokusudiwa. Jeshi la Dola ya Osmani lilipofika Julai 1570, chini ya Lala Mustafa Pasha, ukuta ulikuwa haujamalizika: sehemu ya chini ilikuwa imevikwa mawe, lakini kazi ya juu ilikuwa bado. Mashambulizi yalielekezwa kwenye buruji za kusini, na tarehe 9 Septemba mji ulianguka. Kwa mapokeo ya wenyeji, mshika bendera wa kwanza wa Waosmani alipandia kwenye buruji ya Costanza, na msikiti mdogo wa Bayraktar uliojengwa juu ya buruji hiyo unamkumbuka. Tazama kilichotokea kwenye umbo hapo: mahali palipotengenezwa kwa ajili ya mizinga palipewa mnara wa adhana. Buruji haikubomolewa, ilibadilishiwa kazi.

Mbinu hiyo ya kubadili kazi bila kubomoa inaonekana kwa ukubwa zaidi katikati ya mji, kwenye jengo ambalo kwangu ndilo kiini cha Nicosia. Kanisa kuu la Mtakatifu Sofia lilianza kujengwa mapema karne ya 13 kwa mtindo wa Kigothi ulioletwa kutoka Ufaransa, likawekwa wakfu mwaka 1326 likiwa halijakamilika. Wafalme wa Kupro walivikwa taji humo. Mafundi waliuleta mtindo wa kaskazini lakini wakausikiliza pia uzani wa mahali: katika kisiwa cha jua kali na mvua haba hawakuhitaji mapaa yaliyoinuka, basi wakayaezeka makanisa yao kwa mapaa bapa. Ndiyo maana ukilitazama jengo hili kwa nje unaona matao ya Kigothi yanayopanda juu, kisha yanakatwa ghafla na mstari mlalo wa paa.

Mwaka 1570 kanisa likawa msikiti. Hapa ndipo fani ya jengo inapotuonyesha jambo ambalo historia iliyoandikwa hailionyeshi vizuri. Kanisa la Kigothi ni jengo la safari: unaingia magharibi, unapita kati ya safu mbili za nguzo nene, na macho yanavutwa mbele mpaka mashariki ilipokuwa altare. Kila tao linakusukuma uelekee huko. Lakini kutoka Nicosia, Makka iko kusini, ikielemea kidogo mashariki. Waislamu hawakuweza kusali kwa kuufuata mwendo wa nguzo. Mihrabu iliwekwa upande wa kusini, kuta zikapakwa chokaa nyeupe, na safu za waumini zikapangwa kwa kukata mshazari sakafu iliyotengenezwa kwa maandamano ya kwenda mashariki.

Matokeo yake ni jengo lenye mielekeo miwili kwa wakati mmoja. Mawe yanasema mashariki. Mazulia yanasema kusini. Hakuna upande uliofaulu kuunyamazisha mwingine. Anayesimama ndani yake huona nguzo zikimpeleka huku na safu za sala zikimgeuza kule, na katika mvutano huo jengo linapata nguvu ambayo halikuwa nayo lilipokuwa kanisa tu. Wapo wanaouona mvutano huo kama jeraha, na wapo wanaouona kama ushindi. Mimi nauona kama ukweli wa mji uliowekwa wazi. Msikiti uliojengwa upya ungeelekea kibla bila shida na usingetuambia lolote kuhusu waliotangulia. Huu unalazimika kuwataja kila wakati wa sala.

Nje, kanuni ni ileile. Kanisa lilikusudiwa kuwa na minara miwili upande wa magharibi, lakini haikumalizwa. Waosmani walisimamisha minara yao ya adhana juu ya misingi hiyohiyo. Basi sura ya msikiti mbele ya watu ingali inatazama magharibi, kama kanisa lilivyotaka, huku ibada ya ndani ikielekea kusini. Hata jina lilichelewa kugeuka: jengo liliendelea kuitwa Ayasofya kwa karne nyingi, na jina la Selimiye, kwa heshima ya Sultani Selim wa Pili, lilikuja mwaka 1954 tu.

Tofauti na jengo hilo ni Büyük Han, hatua chache tu kutoka hapo, lililojengwa mwaka 1572 na Muzaffer Pasha, gavana wa kwanza wa Osmani. Hili ni nyumba ya wasafiri wa biashara: ua wa mraba, na pande zote nne vyumba vya ghorofa mbili nyuma ya veranda za matao. Wanyama na mizigo vilikuwa chini, wafanyabiashara wakalala juu. Katikati ya ua kuna msikiti mdogo wa pembe 8, ulioinuliwa juu ya nguzo, na chini yake chemchemi ya kutawadhia.

Ni jengo la hekima. Mjenzi alikuwa na tatizo lilelile la mielekeo: ua una pande zake, na sala ina kibla chake. Alilitatua kwa kuupa msikiti umbo lisilo na ubavu mkuu, kisha akaunyanyua juu ili chini yake watu na maji viendelee na shughuli zao. Ibada imepewa kitovu bila kuufunga ua. Matao yanayouzunguka hayamwamrishi mtu aende upande wowote. Anayeingia anaweza kuketi, kuuza, kusali au kulala. Waingereza walipokuja mwaka 1878 walilifanya gereza, na ua uleule uliokaribisha ukafaa kwa kuzuia, kwa kuwa mlango uleule unaweza kufunguliwa au kufungwa. Leo limekarabatiwa na lina karakana na maduka ya kazi za mikono. Katika majengo yote ya Nicosia, hili ndilo linaloonyesha kwamba mtu anaweza kujenga katika mji wa wengine bila kugombana na mistari yao.

Waingereza nao walikuwa na namna yao ya kufuata alama. Katika uwanja wa Sarayönü kuna nguzo ndefu ya jiwe la matale iliyotoka kwenye magofu ya mji wa kale wa Salamis. Wavenezia waliisimamisha mjini mwaka 1550, na juu yake wakaweka simba wa Mtakatifu Marko, alama ya jamhuri yao. Waosmani waliiangusha. Mwaka 1915 Waingereza waliiinua tena, na mahali pa simba wakaweka tufe la shaba. Kwa fani, tufe hilo linasema mengi. Dola mpya ilitaka utukufu wa nguzo lakini haikutaka mnyama wa dola nyingine, basi ikaweka umbo lisilomtaja mtu yeyote. Nguzo imebaki na wima wake, ila haielekezi kwa mwenyewe.

Kwenye lango la Kyrenia, upande wa kaskazini, mkono wao ulikuwa mzito zaidi. Mwaka 1931 waliukata ukuta kulia na kushoto kwa lango ili magari yapite. Lango sasa linasimama peke yake kati ya mikondo miwili ya magari, likiwa na maandishi yake na chumba cha walinzi kilichoongezwa juu na Waosmani. Lango hutambulika kwa jambo moja: ni tundu kwenye kitu kisichopitika. Ukiuondoa ukuta ubavuni mwake, unalifanya kuwa jengo dogo la kutazamwa. Lango la Famagusta, upande wa mashariki, lilipata bahati njema zaidi. Njia yake ndefu ya matao, yenye kuba katikati inayoingiza mwanga kutoka juu, ilibaki ndani ya unene wa ukuta, na tangu miaka ya 1980 inatumika kwa maonyesho na matamasha. Anayepita humo bado anaonja kile ambacho Wavenezia walitaka mgeni aonje: giza, kisha mwanga wa juu, kisha giza, kisha mji.

Sasa tunaweza kuufikia mstari. Mwishoni mwa Desemba 1963, mapigano kati ya Wagiriki na Waturuki wa Kupro yalipopamba moto mjini, Jenerali Peter Young wa jeshi la Uingereza alichora kwa penseli ya kijani, juu ya ramani, mpaka wa kusitisha mapigano. Kwa penseli hiyo ukaitwa Mstari wa Kijani. Mwaka 1964 askari wa Umoja wa Mataifa walifika. Kisha Julai 1974, baada ya mapinduzi yaliyoungwa mkono na utawala wa kijeshi wa Athens, majeshi ya Uturuki yalivamia kisiwa, na mstari ukarefuka kukipasua kwa kilomita 180. Maelfu ya watu walipoteza makazi pande zote mbili. Ndani ya mji wa kale, mahali pengine upana wa eneo lililofungwa hauzidi mita chache, na nyumba zinatazamana zikiwa tupu.

Mstari huo unapita wapi? Kwa sehemu kubwa unaandama mtaa wa Hermes, unaokata mji kutoka magharibi kwenda mashariki. Na mtaa wa Hermes umekaa juu ya njia ya zamani ya mto Pedieos, mto uleule ambao Wavenezia waliuondoa mwaka 1567. Maji makuu yalipochepushwa, njia yake ilibaki kama mfereji wa wazi. Baadaye, wakati wa Waingereza, mfereji ulifunikwa na kuwa barabara. Barabara ikawa mtaa mkuu wa biashara, ambako wauzaji wa lugha na dini mbalimbali walikutana. Penseli ya jenerali haikuunda mgawanyiko mahali patupu. Iliteleza kwenye mkunjo uliokuwapo ardhini tangu mto ulipokuwa mto.

Hapa ndipo usomaji wa umbo unapofanya kazi ambayo habari za siasa peke yake haziwezi. Siasa inaeleza kwa nini mstari ulichorwa, na wajibu wa waliousababisha haupunguzwi na jiografia yoyote. Lakini umbo linaeleza kwa nini ulichorwa pale, na linatufundisha kwamba pale palikuwa na historia nyingine kabla. Ukanda uleule umekuwa mto, mfereji, soko, na kizuizi. Mara tatu kati ya hizo nne ulikuwa mahali pa kuwafaidi watu wa pande zote. Anayesema kwamba Nicosia ni mji uliogawanyika kwa asili yake hajausoma vizuri.

Buruji nazo zinatoa ushahidi. Kati ya 11, kuna 5 kusini, 5 kaskazini, na moja, Flatro, imo ndani ya eneo la Umoja wa Mataifa. Savorgnano alizipanga ili kila moja imlinde jirani yake. Leo Tripoli iliyo kusini na jirani yake Rochas iliyo kaskazini ziko chini ya mamlaka mbili, lakini mabega yao bado yanatazamana kwa pembe zilezile. Mchoro haujakubali kugawanyika. Na kuna kingine, ambacho mtu hukiona akiwa na ramani mkononi: waumini wa Selimiye, wakielekea kusini kila wakati wa sala, wanaelekea upande wa pili wa mstari. Kibla chao kinauvuka mpaka ambao kwa miongo mingi miguu yao haikuruhusiwa kuuvuka.

Kuvuka kwa miguu kulianza tena polepole. Kituo cha Ledra Palace, nje kidogo ya ukuta, kilifunguliwa Aprili 2003, na mtaa wa Ledra, ndani ya duara, ukafunguliwa Aprili 2008. Hilo la pili ndilo lenye uzito wa kifani, kwa sababu lilirudisha ndani ya mji wenyewe njia ya kusini kwenda kaskazini. Lakini kabla ya hapo kuna kazi iliyofanyika ambayo haionekani, nami naihesabu kuwa utunzi bora kuliko wote wa karne ya 20 mjini humo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, viongozi wawili wa mji, Lellos Demetriades wa kusini na Mustafa Akıncı wa kaskazini, walikubaliana kuwa na mfumo mmoja wa majitaka. Mabomba yalipita chini ya mstari. Kutokana na ushirikiano huo ukaja mpango mkuu wa pamoja wa mji, na ukarabati wa mitaa na nyumba pande zote mbili uliofuata ukatunukiwa Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan mwaka 2007. Maji, yaliyotolewa katikati ya mji mwaka 1567, yakawa tena ndiyo yanayouunganisha.

Ukitaka kuona jinsi wakati wetu unavyoandika kwa sauti kubwa zaidi, nenda Uwanja wa Eleftheria, karibu na buruji ya D'Avila, uliochorwa na ofisi ya Zaha Hadid na kukamilika mwaka 2021. Ni daraja la zege lenye mikunjo, linalopita juu ya handaki, na chini yake bustani. Wazo lake kubwa ni zuri: handaki lote ligeuzwe ukanda wa bustani unaouzunguka mji, ili duara la vita liwe duara la matembezi. Katika utekelezaji nina shaka moja. Mikunjo ya daraja imetungwa ili itazamwe, na mbele ya ukuta wa mawe ya manjano inadai macho kwanza, ilhali bustani ya chini ndiyo yenye hoja. Lakini hoja hiyo ni sahihi, na kutokamilika kwake si kosa la msanifu: bustani inayofuata duara itakatika popote mstari unapolikata.

Siku moja mstari huo utaondolewa, na wapangaji wataulizwa waufanye nini ukanda uliobaki. Kishawishi kitakuwa kuufuta, kusawazisha magofu na kujenga kana kwamba hakuna kilichotokea. Nicosia yenyewe inakataza hilo. Savorgnano aliufuta mto, na mto ukarudi kwa jina lingine mara tatu. Ushauri unaofaa umeshaandikwa kwenye ardhi hiyohiyo na watu wasio na majina makubwa, wale waliopewa mfereji uliokufa wakaufanya soko. Nyumba za ukanda huo ziimarishwe zisianguke, zirudishiwe wenye haki nazo, na milango yao ifunguliwe pande zote mbili, kusini na kaskazini. Mtaa wa Hermes ulikuwa wa kuuziana na kukutana kabla haujawa wa walinzi, na hiyo ndiyo kazi unayostahili kurudishiwa.